Studio ya picha inahitaji taa ngapi?

Swali la idadi ya taa hujitokeza mapema kwa yeyote anayekusudia kufungua studio ya picha, na mara nyingi hujibiwa dukani, ambako taa tatu pamoja na stendi zake, miavuli yake na begi la kubebea huuzwa kwa bei moja kana kwamba fani yenyewe ndiyo iliyopitisha hesabu hiyo. Hakuna kanuni ya upigaji picha inayodai taa tatu, wala mbili, wala tano. Kinachodaiwa ni kwamba kila taa inayowashwa iwe na kazi inayoonekana katika picha, na kwamba kazi hiyo isiwe imekwisha kufanywa na kitu kingine kilichomo chumbani. Kipimo hicho kikifuatwa, studio ya kawaida ya mtaani, ile inayoishi kwa picha za pasipoti, mahafali, familia na sikukuu, hugundua kwamba taa mbili hutimiza takriban kazi zake zote, na kwamba taa ya tatu hustahili kununuliwa pale tu ambapo aina fulani ya kazi imeshaanza kuleta wateja mlangoni.

Kutoka dirishani hadi Hollywood

Kwa miongo mingi ya mwanzo studio hazikuwa na taa hata moja. Studio za Ulaya za karne ya 19 zilijengwa ghorofa ya juu kabisa na kuwekewa paa au ukuta wa vioo uliotazama kaskazini, kwa sababu katika nchi hizo jua hupita upande wa kusini wa anga, hivyo dirisha la kaskazini hupokea mwanga wa anga pekee, ambao ni mpana, mtulivu na usiobadilika sana tangu asubuhi hadi alasiri. Utaratibu huo haukufa umeme ulipoingia. Mwaka 1950 Mmarekani Irving Penn, alipotumwa na jarida la Vogue kupiga picha za mitindo mjini Paris, alifanya kazi hiyo katika chumba cha ghorofa ya juu chenye mwanga wa kaskazini, huku pazia kuukuu la kijivu likiwa nyuma ya wanamitindo, na picha zile zingali zinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za karne ya 20. Mjini Bamako, Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliwapiga wateja wake zaidi uani kwa mwanga wa mchana, akitundika nyuma yao shuka ya kitanda yenye nakshi, na leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa ya dunia.

Hata hivyo, kanuni ya dirisha la kaskazini haifai kuhamishiwa Afrika Mashariki bila kupimwa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mapema mwezi Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Dirisha ambalo Paris lingekuwa tulivu karibu mwaka mzima, hapa huweza kuingiliwa na jua moja kwa moja kwa muda wa miezi saba. Isitoshe, katika nchi za ikweta giza huingia haraka baada ya jua kuzama, ilhali wateja wengi hufika baada ya saa za kazi, na usiku wa sikukuu foleni huwa ndefu kuliko ya mchana. Studio hununua taa kwanza ili mwanga wa saa nne asubuhi na wa saa mbili usiku uwe mmoja, na wingi wa mwanga huja nafasi ya pili. Kwa lengo hilo la kwanza, taa moja inatosha kabisa.

Wingi wa taa una asili yake. Unga wa magnesi uliowaka kwa mlipuko ulibuniwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe pamoja na Johannes Gaedicke, na mwaka 1931 Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, akatengeneza taa ya umeme inayomulika kwa kitambo kifupi mno na kuwa tayari kumulika tena bila kubadilishwa balbu, ambayo ndiyo asili ya flashi za studio za leo. Lakini mazoea ya kumzunguka mtu mmoja kwa taa kadhaa yalikomaa zaidi Hollywood, ambako waigizaji walisogea huku na huku mbele ya kamera ya filamu na kila mahali walipopita palipaswa kumulikwa. George Hurrell, aliyeajiriwa na kampuni ya MGM mwaka 1930 kupiga picha za mnato za waigizaji, alizitumia taa za namna hiyo, ikiwemo iliyotundikwa kwenye mkono mrefu juu ya kichwa ili nywele zing'ae, na sura aliyoijenga ikawa kielelezo cha urembo wa picha duniani kote. Katika mwambao wa Afrika Mashariki studio kama Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, na ile ya N. V. Parekh iliyoanza kazi Mombasa katika miaka ya 1940, ziliwazoesha wakazi picha ya ndani ya chumba, yenye pazia na pozi lililopangwa, na kwa njia hiyo mazoea ya taa za ndani yakawa sehemu ya matarajio ya mteja.

Kazi nne, na vitu vinavyoweza kuzifanya

Vitabu vya fani hutaja kazi nne za taa katika picha ya mtu. Ya kwanza ni ya taa kuu, yaani ile inayoamua umbo la uso, upande gani uwe na mwanga, kivuli cha pua kiangukie wapi, na macho yang'ae vipi. Ya pili ni ya kujaza, maana yake kupunguza giza la vivuli vilivyoachwa na taa kuu ili upande wa pili wa uso usipotee. Ya tatu ni ya ukingo, ambayo hufanywa na taa iliyo nyuma au pembeni mwa anayepigwa picha, ikichora mstari mwembamba wa mwanga kwenye nywele na mabega ili atengane na usuli, yaani eneo lote linaloonekana nyuma yake. Ya nne ni ya kuumulika usuli wenyewe.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kazi nne maana yake ni taa nne. Taa kuu ndiyo pekee isiyo na mbadala, ukiacha dirisha. Kazi ya kujaza hufanywa vizuri na karatasi ya manila nyeupe, ubao mweupe au shuka iliyonyooshwa upande wa kivuli, kwa kuwa kitu cheupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa taa kuu. Kikisogezwa karibu kivuli hufifia, kikirudishwa nyuma kivuli hukolea, na hakihitaji umeme wala chombo cha kukiwasha. Kazi ya ukingo mara nyingi hufutika mtu anapowekwa mbele ya usuli wenye rangi tofauti na nywele na nguo zake, kwani kilichotengana kwa rangi hakidai kutenganishwa kwa mwanga. Hata kazi ya usuli hupungua sana umbali ukipangwa kwa hesabu, jambo linalodai maelezo zaidi kwa sababu ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Umbali kama taa isiyonunuliwa

Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hutawanyika kadiri unavyosafiri, na nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka maradufu mwanga unaofika hubaki robo, ukiongezeka mara tatu hubaki sehemu moja kati ya tisa. Wapigapicha hupima mabadiliko hayo kwa stopu, yaani hatua ambayo kila moja huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu, kwa hiyo robo ni upungufu wa stopu mbili. Kwa taa yenye uso mpana iliyosogezwa karibu sana hesabu hii huwa ya makadirio, lakini kwa umbali wa kawaida wa studio inategemewa.

Maana yake kwa mnunuzi ni kubwa. Taa iliyo mita mbili kutoka kwa mteja ikisogezwa hadi mita moja hutoa mwanga mara nne, yaani sawasawa na kuwasha taa nne za aina hiyo pale ilipokuwa mwanzo. Kuongeza taa ya pili yenye nguvu ileile mahali palepale huongeza stopu moja tu. Ili kuongeza stopu ya pili zinahitajika taa nne, na ya tatu zinahitajika nane. Kwa hiyo anayenunua taa ya ziada kwa sababu picha zake ni za giza hulipia kwa fedha nyingi kile ambacho angekipata kwa kusogeza stendi, kufungua zaidi tundu la lenzi, au kupandisha kidogo ISO, ambayo ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga inaoupokea.

Umbali huohuo ndio unaoamua rangi ya usuli. Mteja akikaa mita moja kutoka kwenye taa, na pazia jeupe likawa mita moja nyuma yake, pazia liko mita mbili kutoka kwenye taa na hupata robo ya mwanga anaoupata yeye, hivyo katika picha litaonekana kijivu. Taa ikirudishwa hadi mita tatu kutoka kwa mteja, pazia litakuwa mita nne, nalo litapata zaidi ya nusu ya mwanga wake, tofauti isiyofika hata stopu moja, na litakaribia weupe wake. Pazia likirudishwa mita tatu nyuma ya mteja huku taa ikibaki mita moja mbele yake, litapata sehemu moja kati ya 16 na kuwa jeusi kwa matumizi mengi. Pazia moja na taa moja, bila kuongeza chochote, hutoa usuli mweupe kiasi, wa kijivu au wa giza.

Urahisi huo una masharti mawili. Kwanza, taa inayorudishwa kutoka mita moja hadi tatu hudai nguvu mara tisa ili mteja apate mwanga uleule, na ndiyo sababu inafaa taa ya kwanza iwe na nguvu ya kutosha kuliko kuwa na taa tatu dhaifu. Nguvu ya flashi hupimwa kwa jouli, kipimo cha nishati inayotolewa katika mmuliko mmoja, na kwa studio ya mtu mmoja au wawili flashi ya jouli 300 au 400 inaacha nafasi nzuri ya kusogea mbele na nyuma. Pili, umbali unahitaji chumba, na vyumba vingi vya studio za mitaani ni vya mita tatu kwa nne au pungufu. Huko mteja hulazimika kukaa karibu na pazia, taa hulazimika kukaa karibu na mteja, na kile ambacho ukumbi mkubwa ungekifanya kwa hatua mbili za stendi hudai taa ya pili. Ni kweli isiyozoeleka kwamba studio ndogo ndiyo huhitaji taa ya usuli mapema zaidi.

Ukubwa wa chanzo na rangi ya kuta

Ulaini wa mwanga, yaani jinsi ukingo wa kivuli unavyofifia polepole badala ya kukatika ghafla, hautegemei idadi ya taa wala nguvu yake. Hutegemea ukubwa wa chanzo kwa jinsi kinavyoonekana kutoka kwa anayepigwa picha. Jua lina kipenyo cha karibu kilomita milioni 1.4, lakini kwa kuwa liko kilomita milioni 150 kutoka duniani huonekana kama kiduara kidogo, na vivuli vyake ni vikali. Wingu likilifunika, anga zima hugeuka kuwa chanzo, na vivuli hutoweka. Softiboksi, ambalo ni boksi la kitambaa lenye uso mweupe wa kupitisha mwanga, likiwa na upana wa sentimita 90 na likawekwa sentimita 90 kutoka usoni, hutoa mwanga laini sana, lakini likirudishwa mita tatu na nusu hukaribia kuwa na ukali wa taa tupu. Anayelalamikia vivuli vikali, basi, hana sababu ya kununua taa ya pili ambayo italeta kivuli cha pili upande mwingine wa pua, wakati mwavuli mkubwa zaidi ungemaliza tatizo kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kuta nazo ni taa zisizoandikwa kwenye risiti. Katika chumba kidogo chenye kuta na dari nyeupe, mwanga wa mwavuli mmoja hugonga kila upande na kurudi, na vivuli hujazwa bila mpigapicha kufanya chochote. Hilo ni neema kwa picha za pasipoti na kero kwa picha yenye hisia nzito, ambayo hudai kitambaa cheusi kitundikwe upande mmoja ili kumeza mwanga unaorudi. Kuta zilizopakwa kijani au waridi, kama ilivyo katika vyumba vingi vya kupanga, hurudisha rangi hizo kwenye ngozi na kwenye kanzu nyeupe, na hakuna idadi ya taa itakayoziondoa, ilhali debe moja la rangi nyeupe isiyong'aa hutosha.

Picha ya pasipoti kama kipimo

Picha inayodhihirisha vizuri zaidi hesabu ya taa ni ile inayodharauliwa kuliko zote. Masharti ya picha za hati za kusafiria yamewekwa katika Hati namba 9303 ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambayo hutaka uso umulikwe sawasawa, pasiwe na kivuli usoni wala kwenye usuli, wala doa la mng'ao kwenye ngozi au miwani. Masharti haya huonekana kudai taa nyingi, lakini jiometria hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mteja aliyeketi karibu kuegemea ukuta atakuwa na kivuli cha kichwa kando ya sikio, hata akimulikwa na taa tatu. Akisogezwa mita 1.2 mbele ya ukuta, na taa ikawa mbele yake kwa mita 1.5 huku ikiwa juu ya kichwa chake kwa sentimita 90, kivuli cha kichwa kitashuka ukutani kiasi cha sentimita 70, kikajificha nyuma ya mwili wake na nje ya mipaka ya picha. Manila nyeupe ikishikwa chini kidogo ya kifua hujaza kivuli cha kidevu na cha macho.

Kinachobaki ni usuli. Katika mpangilio huo ukuta uko mita 2.7 kutoka kwenye taa kwa mlalo ilhali mteja yuko mita 1.5, kwa hiyo mwanga wake hupungua kwa zaidi ya stopu moja, na weupe hugeuka kijivu chepesi kinachoweza kukataliwa pale panapotakiwa weupe kamili. Hapa taa ya pili hupata kazi ya kweli: ikielekezwa ukutani na kupimwa hadi usuli upokee mwanga uliozidi ule wa uso kwa nusu stopu hivi, weupe hupatikana. Ikizidishwa sana, mwanga unaorudi kutoka ukutani huingia kwenye lenzi na kuufanya uso wote uwe na ukungu, jambo linalowapata wengi wanaodhani kwamba usuli mweupe hudai mwanga mwingi kadiri inavyowezekana. Taa ya tatu na ya nne katika kazi hii haziongezi kitu, na kwa mwenye miwani huongeza tatizo, kwa kuwa kila taa ya mbele hutafuta njia yake ya kujionyesha kwenye kioo.

Ngozi nyeusi, kanzu na buibui

Dhana nyingine inayoongeza idadi ya taa ni kwamba ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi. Dhana hiyo ilipewa nguvu na historia ya filamu za rangi, kwani kwa miongo kadhaa kadi zilizotumiwa na maabara kusawazisha rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zikasafishwa kwa kipimo kisichokuwa chao. Kwa kamera za leo tatizo limehamia kwenye mahali pa taa. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao, yaani taswira ya chanzo cha mwanga inayoakisiwa na unyevu na mafuta ya ngozi, kuliko kwa mwanga unaotawanywa na ngozi yenyewe; kwa hiyo taa moja yenye uso mpana iliyosogezwa pembeni hadi mng'ao wake utiririke kwenye paji la uso, shavu na taya huchora umbo kwa ufasaha, wakati taa tatu ndogo za mbele huacha nukta tatu zinazong'aa na uso bapa katikati yake.

Mfano mgumu zaidi ni wa wanandoa wanaokuja siku ya Idi, mume akiwa na kanzu nyeupe na mke akiwa na buibui jeusi. Mpigapicha anayeogopa kanzu ipotee kwa weupe na buibui lipotee kwa weusi hushawishika kumpa kila mmoja taa yake, lakini mpangilio wa taa moja hufika mbali: mke akiwa mita 1.2 kutoka kwenye taa na mume mita 1.7, yeye hupata maradufu ya mwanga wa mumewe, yaani stopu nzima, na taa ikigeuzwa kidogo ili kitovu cha mwanga wake kielekee upande wa mke na ukingo wake ndio umguse mume, kanzu hutulia na mikunjo yake ikaonekana. Kwa kuwa nyuso nazo hufuata tofauti hiyohiyo, mgeuzo hufanywa kwa kiasi na hukaguliwa usoni kabla ya nguoni. Panapohitajika kweli taa ya pili ni pale buibui linapokuwa mbele ya pazia la giza, kwa sababu cheusi mbele ya cheusi hakina mpaka. Hapo taa ndogo ya ukingo kutoka nyuma na pembeni huamsha mng'ao wa kitambaa, ikaonyesha bega, mkono na nakshi za mkononi ambazo mwenye vazi alizilipia.

Kundi, chupa na mchoro

Katika picha za makundi idadi ya taa huamuliwa na kina cha safu kuliko na idadi ya watu. Taa iliyo mita mbili mbele ya safu ya kwanza huipa safu ya tatu, iliyo mita moja na nusu nyuma yake, theluthi moja tu ya mwanga wa mbele, ilhali ikirudishwa hadi mita tano safu ya nyuma hupata karibu asilimia 60, tofauti inayovumilika. Familia ya watu wanne au watano inatoshwa na taa moja iliyo juu na mbali yenye mwavuli mkubwa. Darasa la mahafali la watu 30 hudai taa mbili zenye nguvu sawa, ama zikiwa karibu na kamera juu kabisa ili vivuli vya walio mbele viangukie chini, ama moja kila upande zikikingamishwa ili upungufu wa moja ufidiwe na nyingine.

Kazi za bidhaa huvunja zaidi dhana ya wingi. Chupa ya kioo yenye kinywaji, ambayo wengi huidhania kuwa kazi ya taa tano, hupigwa vizuri kwa taa moja iliyo nyuma ya kitambaa cheupe cha kupitisha mwanga, huku vipande viwili vya manila nyeusi vikisimamishwa pande mbili nje ya picha ili kingo za chupa zichukue mstari mweusi. Lebo ya mbele humulikwa kwa kipande kidogo cha kioo cha kujitazamia. Kinyume chake, mchoro bapa kama wa Tingatinga, mtindo uliopewa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972, hudai taa mbili kwa lazima. Rangi zake za kung'aa huakisi taa kama maji, na kwa kuwa mwanga huondoka juu ya uso laini kwa pembe ileile uliyoingia nayo, taa huwekwa pembeni kabisa, moja kila upande, kwa nyuzi 45 au chini ya hapo kutoka kwenye ubao, ili mng'ao uruke kando ya lenzi. Taa moja ya pembeni ingeacha upande mmoja wa mchoro ukiwa na mwanga zaidi ya mwingine, na mnunuzi aliye mbali angedhani msanii ndiye aliyepaka hivyo.

Flashi au taa za kudumu

Bei za taa za LED zinazowaka muda wote zimewavuta wengi, hasa wanaopiga picha na kurekodi video kwa chombo kimoja, na faida yake ni kwamba kivuli huonekana kabla ya kubofya. Lakini hesabu ya nishati inapaswa kujulikana. Taa ya LED ya wati 200 katika muda wa sekunde 1/125, ambao ni muda wa kawaida wa shata kuwa wazi, hutumia jouli 1.6 tu za umeme, wakati flashi ndogo ya studio humwaga jouli 200 katika mmuliko mmoja. Hata baada ya kuzingatia kwamba LED hugeuza umeme kuwa mwanga kwa ufanisi zaidi, pengo hubaki kubwa, na ndiyo sababu studio zilizonunua LED tatu au nne hujikuta zikihitaji zaidi, ilhali flashi moja ingefunika pengo hilo. Vilevile flashi huuzima mwanga wa chumba: kamera nyingi hupatana na flashi hadi kasi ya shata ya sekunde 1/200 au 1/250, na kwa kasi hiyo tyubu ya darini na mwanga wa mlangoni huwa hafifu kiasi cha kutoonekana, hivyo rangi hazichanganyiki. Mwenye video ndiye mwenye sababu ya kuanza na LED, naye achague inayotoa rangi kwa uaminifu wa kiwango cha 95 au zaidi katika kipimo cha CRI chenye kilele cha 100, kwa kuwa LED duni huifanya ngozi ya hudhurungi ielekee kijani.

Mpangilio wa matumizi ya fedha unaotokana na hoja hizi haufanani na ule wa seti za dukani. Kwanza hununuliwa flashi moja yenye nguvu ya kutosha, stendi imara yenye mfuko wa mchanga na mwavuli au softiboksi kubwa. Kisha manila nyeupe na nyeusi, pazia la kijivu na rangi ya kuta. Kisha flashi ya pili ya aina ileile, ili vifaa vya kufungia mbele viingiliane na chombo kimoja cha kuziwasha kiziamuru zote mbili. Taa ya tatu hufuata pale kitabu cha oda kinapoonyesha kazi inayoidai, kama vile picha za mitindo zinazomwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi miguuni mbele ya usuli mweupe, ambazo hudai taa mbili kwa usuli peke yake ili weupe usiegemee upande mmoja.

Kwa studio ambayo tayari ina taa nyingi, lipo jaribio linalofanywa kwa muda mfupi. Picha moja hupigwa taa zote zikiwa zimewashwa, kisha kila taa huzimwa kwa zamu na picha kurudiwa bila kubadilisha kitu kingine, na mwishoni picha zote hupangwa pamoja kwenye kompyuta na kuonyeshwa mtu asiyehusika na kazi. Taa ambayo kuzimwa kwake hakutambuliwi haina kazi katika mpangilio huo. Taa ambayo kuzimwa kwake kunaifanya picha ipendeze zaidi ilikuwa ikiharibu. Faida ya jaribio hili huvuka kuokoa fedha, kwani mpigapicha anayelirudia kwa kila aina ya kazi aifanyayo hujenga orodha yake mwenyewe ya mipangilio, kila mmoja na umbali wake uliopimwa, na mteja wa pili anapokuja kuomba picha kama ya jirani yake, studio huweza kumpa ileile bila kubahatisha.